Kibao cha Utelezi

Mama hakutulia. Alifunika sufuria ya chai, akaifunua, akaifunika tena.

"Kaa basi, mama, unanizungusha kichwa," binti yake akasema. Alikuwa mtu wa mapokezi hotelini, na kesho yake mwenye hoteli angemwuliza aliyoyaona.

Aliona yote. Meneja mpya alimwamuru dada wa usafi aondoe kibao cha kuonya utelezi, eti kinaharibu picha za wageni wakubwa. Sakafu bado ina maji. Mgeni akateleza, akavunjika mkono. Sasa meneja anasema dada alisahau kukiweka.

"Meneja wa zamani angesema, kosa ni langu. Ndiyo maana tulimfanyia kazi mpaka nyayo zinawaka."

"Wa zamani hayupo. Wewe sema hukuona, ulikuwa umeinama."

"Mama! Dada yule ana watoto."

"Na mimi nina wewe. Kazi zenyewe zinaokotwa wapi?"

Kesho yake binti akamwambia mwenye hoteli hivyo hivyo. Dada akafukuzwa mchana ule ule, na meneja akampigapiga binti begani: "Wewe ndiye mtu wangu."

Mama akashusha pumzi, lakini nafuu haikudumu. Binti aliyekuwa akitoka mbio kwenda kazini, kiatu kimoja mkononi, sasa anaburuta miguu mpaka apigiwe kelele.

"Nalipwa kusema karibu, nasema karibu. Mengine hayanihusu."

Jioni moja simu yake ikalia. Akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Ikalia tena. Mama akashindwa kuvumilia, akaipokea.

"Mama, nipe mwanao upesi!" Alikuwa mwenzake wa mapokezi. "Mgeni mzee amezidiwa, namba ya daktari haionekani. Yeye ndiye humwita siku zote."

Mama akaziba simu kwa kiganja. "Mwanangu, kuna mgonjwa."

"Zamu yangu imeisha. Mwambie naoga."

"Mtu anaumwa!"

"Meneja yupo. Si ndiye mkubwa?"

Mama akawaza. Akisema binti yupo na amekataa, kesho naye atafukuzwa. Akamtazama: ameketi palepale, mkavu, anabandua rangi ya kucha.

"Mama, upo?" simu ikauliza.

"Nipo, mwanangu," mama akajibu, na sauti ikamtoka laini, bila hata kukwama. "Anaoga."