Ladha ya Udongo Ulionyeshewa

Kuna watu wanaokunywa bia, na kuna watu wanaoilinda. Wa kwanza nawapenda, ni ndugu zangu. Wa pili wana katiba na mhuri, na walipoingia kwa mara ya kwanza kwenye baa ya dada yangu mwaka jana, walizinusa glasi zao mpaka povu likachoka kusubiri.

Dada hupika bia yake mwenyewe uani, kwenye masufuria mawili aliyoachiwa na mama yetu. Anaroweka shayiri, anaiotesha, anaikausha, anaipika, kisha anaiacha ichachuke kwenye mapipa ya stoo kwa muda anaoujua yeye kwa pua yake. Mimi ni fundi bomba. Kazi yangu pale ilikuwa moja tu: kila wiki mbili nisafishe mpira unaotoa bia stooni, ukapita chini ya sakafu na kutokea kwenye bomba la kaunta. Nikimaliza, natia sahihi kwenye kadi iliyobandikwa mlangoni.

Hao walinzi wanajiita Chama cha Bia Halisi. Mwenyekiti ni wakala wa bima mwenye ndevu anazozichana kabla ya kuonja. Katibu ni daktari wa meno, anayesema na kila mtu kana kwamba kamfungua mdomo na hawezi kujibu. Kwao, bia iliyochujwa ni maiti, na chupa ni jeneza. Mwenzao mmoja walimfukuza kwa kuonekana harusini na chupa baridi mkononi. Alijitetea kwamba alikuwa na kiu. Walimjibu kwamba kiu si hoja.

Bia ya dada ilimfumba macho Mwenyekiti. Alisema ina ladha ya udongo ulionyeshewa, kitu ambacho hajakutana nacho popote. Daktari akaongeza kwamba yeye anapata mawe ya pishi la kale, ingawa jengo lile lina umri wa miaka tisa na stoo yenyewe zamani ilikuwa saluni. Walitundika ubao ukutani: HAPA PANA BIA HALISI. Watu wakaanza kumiminika, kila mmoja akitafuta udongo ndani ya glasi yake, na dada akawa anatembea kifua mbele. Alikuwa akiniambia kwamba laiti mama angekuwepo, angeuona mkono wake umefika wapi.

Sasa niseme ya kwangu. Mpira ule ni mrefu, na kuusafisha kunataka kuhamisha rafu nzima na kupiga magoti kwenye sakafu yenye baridi. Nilianza kwa kuruka zamu moja, magoti yaliniuma kweli. Zamu ya pili hayakuniuma. Walinzi walipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimeshakaa miezi miwili bila kuugusa, na walipotoa taarifa kwamba wanarudi kuukagua upya ule ubao, ilikuwa imetimia kumi na minne. Sahihi zangu kwenye kadi zilikuwa zimepangana vizuri, hakuna hata moja iliyokosekana.

Asubuhi ya ukaguzi roho ilinisuta. Niliogopa wasije wakaufungua mpira. Nikahamisha rafu, nikapiga magoti, nikasukuma maji. Yaliyotoka kwanza yalikuwa ya kahawia, yana utando unaoteleza kama mlenda, na yalijaza ndoo nzima. Niliisukuma ndoo nyuma ya mapipa, nikatia dawa, nikasuuza mpaka mpira ukatoa maji ya kunywa.

Mchana wakaja. Dada alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Mwenyekiti akachana ndevu, akaonja, akafumbua macho upesi. Daktari naye akaonja yake, akatikisa kichwa. Bia hii, walisema, imepoteza roho. Ni safi mno, haina mahali, ni bia ya kiwandani iliyojificha ndani ya pipa. Mwenyekiti akaanza kufungua skrubu za ubao.

 Dada aliniita kando.

"Mdogo wangu, nimekosea wapi? Nimepika vilevile. Au mkono wa mama umenitoka?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha maradhi kwenye kifua cha mtu mwingine. Sikuweza kumtazama. Nilichukua glasi, nikaenda stooni, nikachota kwenye ile ndoo, nikaiweka glasi mbele ya Mwenyekiti. Kabla sijafungua kinywa, alikwisha kunusa na kupiga funda. Macho yakajifumba yenyewe.

"Hii hapa," akasema. "Mlikuwa mmeificha ya nini?"

Nikawaambia wote kwamba ni uchafu wa mpira, wa miezi kumi na minne, na kwamba uvivu ni wangu. Daktari wa meno alikimbilia sinki. Mwenyekiti alipauka, kisha akajifuta ndevu na kukumbuka cheo chake. Alisema uchafu uliokaa mahali pamoja muda mrefu ni sehemu ya mahali hapo, na kwamba uhalisia hauoshwi. Ubao ungebaki, mradi mpira usiguswe tena. Akatoa kalamu, akaniuliza kama miezi kumi na minne nina uhakika nayo.

 Dada alijimiminia glasi ya bia kutoka bombani, akainywa taratibu mpaka mwisho. Nilimwona mabega yakishuka.

"Tamu," alisema, kama anayemwambia mama. Kisha akanigeukia. "Mwaka mzima nimesifiwa kwa uvivu wako."

Hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angepandisha. Alimalizia mwenyewe skrubu mbili zilizobaki, akamkabidhi Mwenyekiti ubao wake, halafu akabandua kadi mlangoni na kuichana vipande. Kuanzia sasa, alisema, nitasafisha yeye akiwa amesimama nyuma yangu.

Walinzi waliondoka, ubao kwapani. Nikaanza kukusanya vyombo. Glasi ya Daktari ilikuwa bado na bia ya dada, hajaimaliza. Ile niliyoichota ndooni, Mwenyekiti alikuwa ameimaliza yote.