Kiti Kimoja Katika Jumba la Sauti

Siku niliyoota ndoto hii niliamka na furaha, lakini kufikia adhuhuri sikuwa na hamu hata ya kula. Mimi ni Mwakio, mzaliwa wa Wundanyi, na kazi yangu ni kuimba opera kwa sauti ya kaunta-tena, ile sauti ya juu ambayo watu huidhani ya mwanamke mpaka wazione ndevu zangu. Kwa sauti hiyo nilichekwa kwenye kwaya ya kanisa letu, nikakataliwa na vyuo viwili, kisha nikapigiwa makofi katika miji ambayo mama yangu hawezi kuitamka. Asubuhi hiyo kamati ya tamasha moja kubwa huku Ulaya, ninakoishi, iliniita ofisini. Nilikuwa nimewaandalia onyesho la waimbaji watano, wote watu ambao majukwaa haya hayajawazoea, pamoja na nyimbo za watunzi wetu wa Afrika Mashariki. Wakafuta majina manne na nyimbo zote. "Tunakutaka wewe," mwenyekiti aliniambia kwa upole. "Wewe peke yako unatosha. Tupe jibu kabla ya saa kumi na mbili jioni." Nikarudi nyumbani, nikajitupa kwenye kochi na viatu vyangu miguuni, na jua la saa nane likiniwakia usoni, usingizi ukanichukua.

Nikajiona natembea katika nchi ambayo ardhi yake ilivuma chini ya nyayo kama ngozi ya ngoma, na njia ikapanda mpaka kwenye jumba la marumaru lililong'aa hata likaniumiza macho. Mbele yake umati mkubwa ulikuwa umeketi juani, kimya. Kando yangu akatokea mwanamke mrefu mwenye makovu mikononi, akaniambia kwamba jina lake ni Ujasiri. "Hawa ni bubu?" nikamwuliza. "La, mwanangu. Waliambiwa wasubiri, nao wamesubiri mpaka wamesahau wanachosubiri."

Langoni alisimama bawabu mnene aliyeitwa Mazoea, na mkononi alikuwa na kamba ya kupimia. Akanizungushia shingoni, akatikisa kichwa. "Wanaume mlango wa chini, sauti nyembamba mlango wa juu. Wewe si wa huku wala kule." Nikamwambia anipime tena. "Kamba hii haikosei," akasema. "Ni ya babu yangu." Nikamwuliza, "Babu yako aliwahi kunisikia nikiimba?" Mtu mmoja akacheka katikati ya umati, na Mazoea akageuka kumtafuta. Hapo akanisogelea binti mwembamba aliyebeba blanketi zito, nami nikamtambua kabla hajajitaja, kwa kuwa Aibu alikuwa amefuatana nami tangu nikiwa na miaka kumi na minne. "Jifunike, kaka," akaninong'oneza. "Imba kwa sauti nzito kama wenzako. Nani atajua?" Nikamjibu, "Mimi nitajua. Blanketi lako nimelivaa miaka mingi, dada. Imetosha."

Basi mlango ukafunguliwa kwa ndani, akatoka bwana aliyevaa hariri, mwenye tabasamu la kukaribisha wageni. Huyo alikuwa Upendeleo. Akanishika mkono, akaniongoza mpaka jukwaani, mbele ya watu elfu moja waliosimama kunishangilia, na pale palikuwa na kiti kimoja cha dhahabu. Sitawaficha: nilikaa, na kiti kilikuwa kitamu. Kisha nikasikia bawaba zikilia nyuma yangu. "Mbona mnafunga?" nikauliza. "Ili wale wasikusumbue," Upendeleo akasema. Nikamwona Ujasiri amesimama nje ya kizingiti. Nikampigia kelele aingie upesi. "Nitaingia pamoja na hawa, au sitaingia," akanijibu. "Kiti hicho wamekupa ili waseme mlango uko wazi."

Nikaruka kutoka jukwaani, nikakimbia, nikaingiza bega kwenye upenyo uliosalia. Mazoea akasukuma kwa uzito wake wote, mfupa ukalia, nami kwa maumivu yale nikaimba, juu kabisa, kwa sauti niliyochekewa. Nje mwanamke mmoja akainuka, akajibu kwa sauti nzito kama ngurumo, kisha mwingine, kisha safu nzima, mpaka mlango ukang'oka, na Mazoea akabaki ananyoosha kamba yake, hajui ampime nani kwanza. "Mtauharibu muziki!" Upendeleo akapiga ukelele. Nikamwambia, "Basi kaa hapo usikilize unavyoharibika."

Niliamka bega limekufa ganzi, nikajua nimekuwa nikikaa kwenye kile kiti kwa miaka kumi na miwili, nikidhani makofi yale ndiyo mlango kufunguka. Saa ilikuwa kumi na moja kasorobo. Nikampigia mwenyekiti. "Majina matano na nyimbo zote," nikasema, "au msiandike hata langu." Akaniuliza, "Unajua unachokipoteza?" "Najua." Akasema nafasi yangu atapewa mwingine, akakata simu. Nikampigia Nduku, mmoja wa wale wanne waliofutwa.

"Tumefukuzwa," nikamwambia.

"Sisi wanne?"

"Sote watano."

Nikamsikia akivuta kiti. "Haya," akasema, "mazoezi kesho saa ngapi?"