Soli Zilizozibwa

Tulikuwa tumeshaachia kamba na gati linarudi nyuma taratibu, ndipo Kigae alipotupa macho miguuni kwa mpwa wangu.

"Hivyo ni nini?"

"Viatu, bosi."

"Naona ni viatu. Nilivyokupa mimi viko wapi?"

Vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya benchi, vyeupe pee, havijaonja maji. Miguuni alikuwa na vyake vya siku zote, rangi ya tope, vimeshonwa upande kwa uzi wa tanga. Boti ya mashindano ilikuwa inakwenda kwenye mstari wa kuanzia, upepo unazidi kushika kasi, na mwenye boti amesimama kwenye usukani akijadili viatu.

Tulimwita Kigae kwa sababu ndivyo anavyouza, vigae vya sakafu na vya ukutani, na kwa sababu ni mgumu, anang'aa, na hakuna kinachomwingia. Mimi nimezunguka bandari nyingi, na shule nimeiokota vipande vipande, darasa hapa, darasa kule, kwa hiyo sijifanyi msomi. Lakini wajinga nimewaona wa kila namna. Mjinga maskini kuna siku atakemewa na mtu. Mjinga aliyefanikiwa hupigiwa makofi.

Viatu vyenyewe tulichaguliwa dukani kwake. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kwenye boti alishika kamba za tanga na nje ya boti hakushika kitu, alileta maboksi, akayapanga juu ya sakafu ya maonyesho. Tukaamriwa kuvaa na kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta, mmoja mmoja, kama maharusi. Kulikuwa na pea nzuri, zimefunika vidole vizuri, maana sitahani kuna vyuma vya kufungia kamba kila mahali na chuma hakina adabu kwa kidole. Kigae akazisukuma kwa mguu.

"Hizi za mpishi."

Akachagua nyeupe zenye kamba za dhahabu. Kwake viatu vilikuwa na kazi moja tu, visiache alama kwenye sitaha yake nyeupe. Hapo alikuwa sahihi, soli nyeusi kwenye klabu yetu ya boti hairuhusiwi. Angeishia hapo ningemsifu, japo kwa shida.

Ila alikunja soli. Soli za baharia huchanjwa mistari myembamba, kama iliyopitishiwa wembe, ukikanyaga inafunguka na maji yanapata pa kukimbilia. Kigae akaiona mistari inafunguka, uso ukambadilika. Mtu aliyepata mali yake kwa kuziba nafasi kati ya kigae na kigae akiona nafasi hatulii.

"Vimepasuka hivi."

"Ndivyo vinavyotengenezwa, shemeji," akasema shemeji yake. "Vinashika sehemu yenye maji."

"Uchafu utaingia humo, uje kunichafulia sitaha. Vizibwe."

"Kweli kabisa, shemeji. Wazo zuri."

Palepale, bila hata kumeza mate. Nilimtazama shingoni nione mahali inapopindia.

Akaitwa fundi wa vigae, akaja na ile gundi nyeupe ya kuzibia pembeni mwa bafu, akaziba soli zote, mstari kwa mstari, na kuzilainisha kwa kidole kilicholowa. Kazi safi, siwezi kusema uongo. Soli zilitoka laini kama sinki. Zilipokauka Kigae akavaa, akaruka juu ya vigae vyake, akageuka kwa kisigino kimoja.

"Mnaona? Hakuna kuteleza."

Ndiyo. Duka lilikuwa kavu kama ukarimu wake.

Mpwa wangu hakucheka. Yeye ndiye mtu wa mbele, anayekimbilia kwenye pua ya boti kila tunapogeuka, kulipitisha tanga dogo upande wa pili. Na siku ya mashindano kocha wa timu ya klabu angetufuata kwa boti ya injini, achague mtu wa mbele wa kusafiri na timu. Nafasi hiyo moja mtoto wa dada yangu aliitaka tangu bado anapewa kazi ya kukausha matanga. Jioni ile alikaa jikoni kwa mama yake, anashona vile viatu vyake vya tope.

"Mjomba, nikivaa vile vyeupe nitaanguka mbele ya kocha. Nisipovaa, atanishusha, na kocha hataniona kabisa."

"Sasa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi nachukuliwa kwa uzito tu, mwanangu. Kazi yangu kukaa ukingoni upande unaoinuka. Mfuko wa mchanga hauulizwi ushauri."

"Mfuko wa mchanga haumalizi chai yote," akasema dada yangu.

Basi ndivyo tulivyokuwa siku ya mashindano, gati bado karibu kiasi cha mtu kuruka.

"Vaa, au shuka," Kigae akasema.

"Bosi," nikajaribu, "zile soli zimezibwa, sitaha ikilowa..."

"Mzee, wewe katika kuzurura kwako kote umewahi kumiliki nini?"

"Hakuna."

"Basi."

Shemeji akacheka, kicheko cha kulipia nauli. Mpwa wangu akalitazama gati, akaitazama boti ya kocha inazunguka kule mbele. Akakaa chini, akavua vya kwake, akavaa vyeupe.

Tulianza vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Sitaha ilikuwa kavu, tuko wa pili, Kigae anaimba. "Nani anateleza? Mzee, unateleza?" Tulipokaribia boya la kwanza mawimbi yakaanza kupanda juu, sitaha ikalowa yote, na Kigae akatoa amri ya kugeuka.

Wa kwanza kwenda ni shemeji. Aliachia kamba, akapita mbele yangu ameketi, mikono magotini, mtulivu kama abiria. Tanga likaanza kupigapiga hewani. Kigae akainuka amtukane, miguu ikamtangulia, akadaka mkono wa usukani na kwenda nao, boti ikalielekea boya. Mimi nilikuwa nimepewa namba kubwa kuliko mguu wangu, kwa hiyo kiatu kilibaki mimi nikaenda.

Mpwa wangu alikuwa ameshaondoka kwa kasi kwenda mbele. Mguu ulikwenda kando, akatoka nje ya ukingo hadi kiunoni, ananing'inia kwenye waya wa ukingoni. Akapigapiga miguu hadi vile viatu vikachomokea majini, akapanda peku, akalishusha tanga la mbele. Boti ikatulia ubavu kwa ubavu na boya. Chuma cha kufungia kamba kilimchana kidole gumba. Boti nyingine zilitupita, na watu wake wakatupungia mkono kwa upole. Ndivyo wenye adabu wanavyotukana.

Gatini Kigae hakuuliza habari ya kidole. Aliuliza ndoo iko wapi, damu isije ikakauka kwenye sitaha.

Kocha akaja. Akaokota kiatu changu kilichobaki, akakunja soli, akaikwaruza kwa ukucha.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Kigae akasema, na bado alikuwa na fahari.

Kocha akamgeukia mpwa wangu. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na vyako ulikuwa navyo?"

"Nilikuwa navyo."

"Basi sikuchukui. Mtu wa mbele ndiye anayeiona hatari kabla ya wenzake. Namtaka anayesema."

"Ningesema ningeshushwa. Ungenionea wapi?"

"Ningekuona gatini."

Alilisema kama hekima, akaondoka nalo. Muda wote wa mashindano kocha yule alikuwa ameligeuzia gati mgongo. Hakuna kocha duniani anayetazama gati.

Timu ilisafiri na kijana wa boti nyingine, ikarudi bila kitu. Kocha sasa anafundisha kuogelea. Kigae alisema kosa lilikuwa la upepo, akaiuza boti kwa daktari wa meno, akafungua duka la pili. Viatu vilivyobaki aliwapa wauzaji wake, na juu ya vigae vikavu vinawafaa. Shemeji bado ni shemeji. Fundi wa vigae hakuambiwa lolote. Dada yangu hajambo. Mpwa wangu yuko mbele kwenye boti ileile, sasa ya daktari, na anavaa vile vya tope. Timu haijamwita tena, na ukucha wa kidole gumba haukuota sawasawa. Mimi nilihamia bandari nyingine, ambako pia wananipandisha ukingoni kwa uzito wangu. Doa la damu kwenye sitaha halikutoka.