Sajini na Mbwa Asiyeambilika

Jina la Kifaranga alilipata akiwa darasa la pili, siku mkoba wake ulipoanza kulia "pii, pii" katikati ya somo la hesabu. Alikuwa amebeba vifaranga watatu waliofiwa na mama yao, maana aliona kuwaacha peke yao nyumbani ni dhambi. Wenzake walicheka mpaka machozi, na jina likamganda kama ruba. Baadaye nyumbani kwao akaja paka chongo, akaja kobe mwenye gamba lililopasuka, na mbwa wa kila namna waliomfuata kutoka dukani bila kuitwa.

"Hii ni nyumba au zizi?" mama yake aliuliza kila juma. "Mwanangu, wanyama hawatakuvisha."

Alipokua alipata kazi ya mapokezi katika zahanati ya wanyama. Aliandika kadi, akajibu simu, akafagia manyoya. Wengine waliiona kazi ndogo. Yeye alijiona amefika.

Asubuhi moja mlango ulisukumwa na mzee mrefu aliyenyooka kama mlingoti. Alikuwa sajini mstaafu, mwenye sauti ya kutetemesha vioo. Mkononi alishika kamba, na mwisho wa kamba palikuwa na mbwa kijana, mweupe pe, mwenye macho ya kuchekacheka.

"Mchukueni!" alinguruma. "Mpeni mtu mwingine, mimi nimeshindwa. Nimefundisha mamia ya vijana wakorofi, wote wakanyooka. Huyu miezi minne namwambia keti, yeye anatazama vipepeo. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Kifaranga alimwomba asubiri. Sajini akakaa kwenye benchi, na mbwa akajikunja miguuni pake, akapitiwa na usingizi. Ndipo daktari, akitoka chumba cha ndani na sinia la vyombo, alipojikwaa kizingitini. Mikasi na koleo vilitawanyika sakafuni kwa kelele ya kuamsha wafu. Paka wa mteja mmoja aliparamia pazia. Sajini mwenyewe, mtu wa vita, aliruka. Mbwa hakutikisa hata ukope.

Kifaranga akaweka kalamu chini. Alikwenda akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mbwa. Wapi! Akatikisa funguo. Wapi! Akamgusa bega kidogo tu, na mkia ukaanza kufagia sakafu.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "huyu si mkaidi. Hasikii."

Daktari alimpima, akathibitisha: mbwa alizaliwa kiziwi. Sajini alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Miezi minne," alisema kwa sauti ndogo, "namfokea bure, maskini wa Mungu."

"Nipe wiki tatu," Kifaranga alisema, akijishangaa mwenyewe. "Ila na wewe uje kila jioni."

Wakaanza katika ua wa nyuma ya zahanati. Kiganja juu, keti. Kiganja chini, lala. Kidole gumba, vizuri sana, na kipande cha ini juu yake. Sajini alipigwa marufuku kutamka neno lolote. Mbwa alijua kuketi siku ya pili. Sajini alijua kunyamaza siku ya tisa.

Siku ya tano ilikuwa ngumu. Lango liliachwa wazi, mbwa akachomoka akifukuza baiskeli. Sajini alipiga ukelele uliofungua madirisha ya mtaa mzima, na mbwa akazidi kutimua mbio.

"Piga magoti!" Kifaranga alimwambia. "Fungua mikono!"

Mzee akapiga magoti vumbini, mikono wazi. Kule mbali mbwa alisimama, akageuka nyuma, akamwona. Alirudi kasi kama mshale, akamwangusha chali na kumlamba uso mzima. Walipoinuka, macho ya sajini yalikuwa mekundu, na hakuna aliyeuliza kama ni vumbi.

Wiki ya tatu ilipokwisha, mke wa sajini alikuja kushuhudia. Mumewe akainua kiganja, mbwa akaketi. Akakishusha, mbwa akalala. Kimya kabisa.

"Miaka thelathini na tano namwomba mume wangu apunguze sauti," mama yule alisema, akishika mbavu kwa kicheko. "Kumbe alikuwa anasubiri mbwa amfunde!"

Habari hiyo aliisambaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Basi wakaanza kuletwa mbwa watafunao viatu, mbwa waogopao mvua, mbwa wenye ugomvi na mifagio. Daktari akatafuta mtu mwingine wa mapokezi, ua akamwachia Kifaranga. Mama yake naye alikuja kujionea, mikono kifuani, midomo imebanwa. Alipokuja mara ya tatu, yeye ndiye aliyepokea simu.

"Kesho hapana, mwanangu ana kazi mpaka jioni. Njoo Alhamisi. Na usimfokee huyo mbwa kabla hujafika, umesikia?"

Alhamisi akafika bwana mmoja aliyejaa tope mpaka masikioni, akikokotwa na majibwa mawili. Kifaranga alifunga kiunoni mfuko wake wa maini, akamfungulia lango.

"Karibuni," alisema. "Bwana, tutaanza na wewe."