Uwanja wa Madema

Sikuitwa kumsifu mtu. Niliitwa kuupima uwanja, na uwanja ule ulikuwa takataka. Naanza na hilo mtu asije akasema Chengo alikuwa na kijicho.

Mwaka huo wa tisini na nane hoteli za Diani zilikuwa zimedoda. Wageni walikimbia baada ya vurugu za mwaka uliotangulia, na mimi niliyeongoza michezo pale hotelini miaka na miaka nikarudishwa nyumbani Ukunda na ahsante ya mdomo. Kisha nikasikia idara ya michezo inafufuliwa. Nafasi ilikuwa moja tu, na alikuwa ameshikizwa kijana wa bara aitwaye Quincy, mpaka uwanja alioutengeneza ukaguliwe.

Ulikuwa uwanja wa gofu ya visahani. Unasimama penye kibao, unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu kilicho juu ya nguzo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mimi nilifunzwa na mgeni wa Uswisi, akaniachia na kisahani chake chekundu. Pwani nzima sikumjua mwingine aliyeuelewa mchezo huo. Meneja wetu, Bi Christabel, alikuwa ameliomba baraza eneo la wazi nyuma ya hoteli, wenyeji na wageni wacheze pamoja bure. Akaniita niucheze uwanja, kisha nimwambie ukweli.

Kache, mke wangu, akaipiga pasi fulana yangu ya hoteli aliyokuwa ameihifadhi sandukuni.

"Nenda ukairudishe kazi yako," akaniambia.

Nikamwambia aihesabu imesharudi.

Quincy alitupokea, mimi na Bi Christabel, akiwa na miwani ya jua usoni. Shikamoo hakuna. "Sema, buda," akaniambia mimi, mtu wa kumzaa. "Manze, hii kozi ni noma."

Nikafyonya. Kwao kozi ni uwanja, na noma ni sifa.

Kibao cha kwanza alikuwa amekielekeza kusini, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, kusi linavuma hata kanga haikai kambani. Nikatoa kisahani kimoja mfukoni mwa Quincy, nikarusha. Kisahani kikapanda, kikageuka, kikanirudia miguuni.

"Hapa mtu anashindana na mwenzake au na upepo?" nikamwuliza.

"Inaongeza stimu, buda."

Nilipokifikisha kikapuni, Bi Christabel akaingiza mkono akitoe. Hakikutoka. Nikakitazama kile kikapu vizuri, nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Kilikuwa dema, mtego wa samaki, lenye mdomo mpana kwa nje unaokwenda ukibana kwa ndani. Kumbe kijana alikwenda Gazi kwa Mzee Shutu, msuka madema, akamwambia anataka vikapu vikubwa vya kunasa, kitu kikiingia kisichomoke. Mzee Shutu akamsukia alichoagiza. Dema huwa na mlango wa kutolea samaki, lakini Quincy wa watu aliuegemeza nguzoni akaufunga kwa waya, hata hakujua ni mlango. Mtu anakaa Diani mwaka mzima hajui dema.

Ikawa kila kituo tunakiachia kisahani kimoja, na mfuko wa Quincy unazidi kuwa mwepesi.

Cha pili kilipita katikati ya minazi, na Rai mgema alikuwa juu anagema. Akachungulia, akauliza ashuke au atubu kwanza. Cha tatu kilikata njia ya kisimani. Tukangoja kina mama wapite na ndoo zao, nami nikawaamkia mmoja mmoja, wa nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, ili Bi Christabel aone wakati unavyopotea. Cha nne kilikuwa mawe matupu, makali, ya kukata viatu.

Cha sita kilikuwa baina ya mikorosho. Njia yake inapinda, na tawi moja limeinama, lazima uamue unapita juu au unazunguka. Nikazungusha. Kisahani kikapinda pamoja na njia, kikatua pale pale nilipotaka. Sitasema uongo, nilifurahi.

"Na hiki?" Bi Christabel akauliza.

"Hiki kimemtokea tu," nikamjibu. "Hakujua anachokifanya."

Quincy alikuwa amevua miwani. Akanitazama.

Tulipofika cha mwisho, mfuko ulikuwa mtupu. Bi Christabel akakaa kwenye kisiki. "Bwana Chengo, nataka neno moja. Uwanja huu unaweza kurekebishwa? Ukiniambia unaweza, nitaendelea."

Ulikuwa unaweza. Kibao cha kwanza kigeuzwe, cha pili na cha tatu vihamishwe, cha nne kichimbuliwe mawe, madema yarudi kwa Mzee Shutu ayapanue midomo. Lakini niseme hivyo, Quincy abaki? Thubutu.

"Madamu," nikasema, "hapa panafaa kulimwa mihogo."

Na ili amalize kuona, nikatoa kisahani changu chekundu nikakirusha kutoka mbali. Sijapata kurusha vile tena. Kikaenda moja kwa moja mpaka mdomoni mwa dema, kikazama.

Bi Christabel akainuka, akajipangusa sketi. "Basi, tumefunga. Wenye hoteli waliniambia bila uwanja hakuna idara."

"Na ile nafasi?" nikauliza.

"Ilikuwa ya kuuendesha uwanja, Bwana Chengo. Nafasi gani tena?" Akatupa mkono wa kwaheri, mimi na Quincy, akaenda zake.

Quincy akakata waya, akalishusha dema na kunikabidhi. "Chukua, buda. Kisahani chako kimo humo." Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi zaidi.

Nikalibeba kichwani mpaka Ukunda. Njia nzima watu wananiuliza, "Umepata?" kama wanavyomwuliza mvuvi. Nikakaza mwendo.

Kache alikuwa mlangoni. Akalitazama dema, akaitazama fulana. "Kazi je?"

"Uwanja ulikuwa mbovu," nikamwambia. "Mbovu kabisa. Nimewaambia ukweli wao."

"Kwani ulikwenda kuutukana uwanja, au kuirudisha kazi?"

Nilikuwa nimekaa chini, nimeingiza mkono kwa mdomo wa dema, mlango wake sina habari nao, nakitafuta kisahani changu. Nikakishika. Nikavuta, na mkono nao ukakataa kutoka. Kache akaingia ndani kutafuta kisu, wala hakufanya haraka.