Kisanduku Kitupu cha Baba

Jamani, hili utalikataa, lakini nakuapia limetokea, tena asubuhi kweupe, kwenye kompyuta ya sebuleni, ile inayofunikwa kitambaa cha kufuma utadhani mkate.

Saa nne kasorobo. Kitinda, kitinda mimba wa nyumba hiyo, saa nne kamili anatakiwa awe mbele ya kamera kwa usaili wa kazi ya maabara. Miaka miwili anatuma barua, hawa ndio wa kwanza kumwita. Na walisema wazi: simu haikubaliki, ni kompyuta tu, na atakayechelewa amejiondoa mwenyewe.

Sasa hiyo brauza! Anabonyeza, kimya. Kiduara kinazunguka, kinazunguka, kama mbuzi kwenye kigingi. Akiandika herufi, inatokea ameshameza mate mara mbili.

"Mama! Nani kaigusa hii mashine?"

"Muulize baba yako," mama akajibu toka jikoni. "Mimi huko sitii mguu."

Baba alikuwa kwa kinyozi. Mzee huyu kalinda geti la kiwanda miaka thelathini, na mpaka leo ana mwiko wake: mlango haufungwi kama hujui ndani kabaki nani. Mwiko huo kauhamishia kwenye kompyuta. Kila ukurasa anaoufungua anauacha wazi. "Nikifunga," husema, "si nitamfungia mtu anayesoma huko?" Ukimweleza, anakuona wewe ndiye hujasoma.

Kitinda akahesabu kurasa zilizo wazi. Themanini na sita! Dawa za mgongo, matokeo ya mpira ya mwaka juzi, namna ya kupanda mchicha kwenye ndoo. Akaanza kufyeka. Akafuta na takataka zote ambazo brauza ilijiwekea akiba. Akazima vijiprogramu vya pembeni, maana mzee kila kilichobisha hodi alikikaribisha ndani.

Saa nne kasoro sita. Zimebaki kurasa mbili: wa usaili, na mwingine ulioganda. Huo ndio uliokuwa unainyonya mashine. Katikati pameandikwa: *Ukurasa haujibu. Subiri au Funga.*

Kidole kiko njiani kubonyeza, jicho likachungulia. Ni tovuti ya gereji ya baba mkubwa.

Baba mkubwa, kaka yake baba! Hawajasemezana miaka tisa, na siku hizi baba akimpigia, hapokei. Chini kabisa, kwenye kisanduku cha "Tuandikie", kumejaa maneno. Kumbe asubuhi zote zile mzee akidonoa herufi kwa kidole kimoja, wao wakidhani anasoma magazeti, alikuwa anaandika hii! Mistari iliyoonekana ni minne tu, ya mwisho:

*Kaka, siku ile ulimi uliniponyoka. Nilikuita mwizi mbele ya watu na sikuwa na ushahidi. Nimekaa miaka tisa nasubiri wewe ubishe hodi kwangu, kumbe mwenye kosa ndiye*

Basi, imeishia hapo.

Kitinda akajaribu kunakili. Wapi! Akajaribu kupandisha juu asome mwanzo. Umeganda kama jiwe. Akapiga picha ile mistari minne kwa simu. Saa nne kasoro mbili. Subiri iko kushoto, Funga iko kulia.

Akafunga.

Brauza ikaruka kama swala. Usaili ukafanyika, ila ukimuuliza waliongea nini hakwambii. Anakumbuka tu walicheka mara moja, wakasema watampigia.

Walipokata, mbio akaurudisha ule ukurasa. Ukarudi vizuri kabisa. Kisanduku kitupu. Kimstari kinapepesa peke yake.

Mlango ukalia.

"Umemaliza, mwanangu?" Baba huyo, kichwa kinang'aa. "Nipishe kidogo, nina shughuli yangu hapo."

Akaketi, akavaa miwani, akatazama. Kitinda kasimama nyuma yake.

"Baba, mimi..."

"Ngoja kwanza." Mzee akasogeza uso karibu na kioo. "Maneno yangu yako wapi?" Halafu akapiga paja, akaangua kicheko. "Kumbe imekwenda! Jana kidole kiliniteleza nikabonyeza Tuma kabla sijamaliza, ikaganda, nikajua imekataa. Mama Kitinda! Ongeza maji ya chai!"

"Kuna mgeni?" mama akachungulia.

"Atakuja. Yule kaka namjua, kujibu kwa maandishi hawezi. Atakuja mwenyewe."

Mama akabaki na mwiko wa sufuria hewani. Kicheko kile hakuwa amekisikia miaka tisa.

Mzee akavuta kiti mpaka dirishani, panapoonekana geti. Mpaka sasa amekaa hapo. Na Kitinda yuko koridoni, simu mkononi, akijua haikwenda: maneno aliyaona kwa macho yake bado yamo kisandukuni, akayafunga kwa kidole chake. Picha anayo. Namba ya baba mkubwa anayo. Akisema ukweli, hana hakika kama mzee atapata tena nguvu ya kuanza mstari wa kwanza. Akinyamaza, baba atadhani kaka yake kasoma akakataa kuja. Akiituma picha mwenyewe, ni siri ya baba, tena mkia bila kichwa.

Chai imeshachemka. Haya, wewe ungekuwa koridoni pale, ungefanyaje?