Chupa Zilizonuka Mafuta ya Taa

Tamima alikuwa mshika stoo katika kambi ya watalii nje kidogo ya mji wa Al Mintirib. Familia yake ilirudi Omani kutoka Tabora, na mama yake hakupenda kabisa kusikia kwamba bintiye ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha pombe. "Nalinda mlango tu, mama," Tamima humjibu, na maneno huishia hapo.

Mwenye kambi wa zamani, mzee Mjerumani aitwaye Rainer, alikuwa ameweka humo kreti mbili za mvinyo mweupe wa kwao, Riesling ya mwaka 1990, moja ya kawaida na moja ya utepe wa dhahabu. Kila mwaka alifungua chupa moja, akamimina tone kwenye bilauri, akampa Tamima anuse. Tamima aliandika daftarini. Mwaka 1997, ndimu na tofaa. Mwaka 2000, hakuna harufu, kama imelala. Mzee alimwambia: siku utakaponusa asali na mafuta ya taa pamoja, imeiva.

Rainer alifariki. Mwaka 2004 bintiye akaandika kuwa anakuja kunywa mvinyo wa baba yake. Marzouq, meneja mpya, akafungua chupa moja asubuhi ya siku hiyo, akainusa, akakunja uso.

"Imeoza, inanuka mafuta ya taa. Mwaga zote kabla mgeni hajafika."

"Haijaoza, Bwana Marzouq. Ndiyo kwanza imeiva."

"Kwani wewe umeonja?"

"Sijaonja na sitaonja. Nimenusa miaka saba."

"Khalas, Tamima. Nimesema mwaga."

Tamima akasimama katikati ya mlango. "Basi niandikie kwa mkono wako kuwa umeamuru, utie na sahihi."

Marzouq hakuandika. Akaondoka akisonya.

Mgeni alifika alasiri. Tamima akamwekea chupa ileile mezani. Binti wa Rainer alinusa, kisha akanywa taratibu mpaka bilauri ikabaki tupu. Akanyoosha mkono kwenye kreti ya pili, ya chupa zenye utepe wa dhahabu.

"Hizo tamu zaidi, bado hazijaiva," Tamima akasema. "Ziache miaka mitano."

Mgeni akafungua kwa ubishi, akaonja, akacheka. "Kweli. Sukari tupu."

Marzouq alikuwa amesimama hapo hapo, anasikia. Wiki haikuisha, Tamima akahamishiwa kwa dobi. Alikabidhi funguo. Daftari hakulikabidhi, maana alilinunua mwenyewe.

Miezi miwili baadaye likaja kundi la Wajerumani wakiitaka Riesling ya mzee. Marzouq akamfuata Tamima kwenye mashuka.

"Bi Tamima, nifungue ipi?"

"Sijui. Mimi siku hizi mtu wa mashuka."

"Usinifanyie hivyo, wallahi."

"Niandikie barua ya kunirudisha stoo, yenye muhuri. Kisha tutazungumza."

Marzouq akaenda zake, akaona afadhali sukari kuliko harufu ya mafuta ya taa, akawapelekea wageni chupa ya utepe wa dhahabu. Wakaionja, wakairudisha jikoni ikiwa karibu imejaa.

Asubuhi yake barua ililetwa kwa dobi. Tamima akakausha mikono, akaisoma mara mbili. Ilimwita msaidizi wa stoo, si mshika stoo. Akaikunja vizuri, akamrudishia aliyeileta.

"Mwambie Bwana Marzouq asahihishe cheo," akasema, akaendelea kukunja mashuka.